Kijiko cha Kwanza

Mume wangu Arsène anaogopa vitu viwili duniani: nyoka na mama yangu. Anamkimbia nyoka kwa sababu anauma. Anamkimbia mama kwa sababu ya heshima.

Kwetu Kikula, hapa Likasi, mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Mkwe hali chakula mbele yake, hamtaji jina, hapiti pale aliposimama. Wakikutana njiani, mmoja anajitupa kwenye lupango, kiwanja cha jirani, na kuulizia hali ya mgonjwa ambaye hayupo. Miaka ikipita na ukoo ukiridhika, kuku wanapikwa na mkwe anaingizwa nyumbani rasmi. Baada ya hapo anaweza kukaa, kula na kucheka kama watu wengine. Lakini sisi tulikuwa na mwaka mmoja na miezi minne tu ya ndoa. Arsène alimjua mama yangu, Georgette, kwa sauti na kwa mgongo. Siku moja alimsalimia mwanamke mwingine sokoni kwa kuinama hadi chini, eti mgongo ulifanana.

Basi mtu huyo ndiye aliyelazimika kumwambia mama yangu kwamba choo chake kinaingia kwenye kisima chake. Mnaelewa sasa shida yangu.

Kisima kilichimbwa na marehemu baba yangu, Numbi, mwaka niliozaliwa. Alikichimba mwenyewe kila alipotoka kazini kiwandani, akakijenga kwa matofali mpaka juu. Bomba la avenue yetu hutoa maji likipenda, na mara nyingi hupenda kutoa upepo, kwa hiyo nusu ya avenue huchota kwetu. Mama hakumtoza mtu chochote. Alichotaka ni sifa. Ukinywa kikombe chake ukanyamaza, anakuuliza kama una homa. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, aliopika kwa maji yale ulikuwa unaombwa kwenye harusi na matanga, na wageni wakiusifu, yeye anasema si mizizi, si mahindi, ni kisima cha Numbi.

Halafu kuna kijiko. Baba alikigonga mwenyewe kutoka kipande cha shaba, kidogo, mpini umepinda. Kila mtoto anayezaliwa katika nyumba ile, siku ya pili mama anachota maji ya kisima na kumtilia kijiko kimoja mdomoni. Mimi nilikipata, kaka zangu walikipata, watoto wao walikipata. Mama husema usipokipata wewe ni mgeni tu, hata kama umezaliwa na jina letu.

Mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imeshika kazi yake, nilirudi kwa mama na tumbo la miezi minane. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke, na hilo halikuwa na mjadala. Arsène alibaki kwenye nyumba yetu sisi wawili, avenue mbili mbele, na kila jioni alikuja kusimama nyuma ya ua na kupiga mluzi. Mama akisikia mluzi anaingia jikoni na kufunga mlango kwa kishindo, ili mkwe ajue njia iko wazi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Ndipo mtoto wa jirani yetu Carine akalala na tifoide, homa ya matumbo. Wiki iliyofuata wakalala wengine wawili, wote wa nyumba zinazochota kwetu. Arsène anafanya kazi ya laboratwari kwenye kiwanda, kutwa anapima maji na tindikali, na mtu wa namna hiyo hawezi kuona wagonjwa watatu na kisima kimoja akalala usingizi. Akaniomba chupa ya maji, akaipeleka kituo cha afya. Siku ya nne alirudi kwenye ua, lakini mluzi haukutoka.

"Jaël, ile mayi iko na microbes," akaninong'oneza. "Ya kule nyuma."

"Kule nyuma wapi?"

"Kule nyuma, weye! Unataka nitaje jina yake hapa, mama anasikia?"

Nilielewa. Choo chetu kizuri, chenye mlango wa bati la bluu, kilikuwa hatua tisa kutoka kisimani, tena upande wa juu. Tulipita katikati ya vitu hivyo viwili kila siku na ndoo kichwani, na hakuna aliyewahi kufikiri. Niliweka mkono tumboni. Nasema wazi, niliogopa. Nilikiona kile kijiko cha shaba kikimwendea mwanangu.

Jioni hiyo nilimwambia mama. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuacha.

"Nani anasema?"

"Kituo cha afya. Arsène alipeleka chupa."

"Ah bon. Arsène." Akavunja kikonyo. "Bantu banakunywaka hii mayi tangu miaka makumi mbili na sita. Weye ulikunywa, uliota meno, ulipata bwana. Kama mukwe wangu iko na neno juu ya kisima ya Numbi, akuye yee mwenyewe, aniambie mu macho."

Akatabasamu na sombe yake. Alijua hawezi kuja. Nilimpenda mama yangu siku zote, lakini jioni ile ningeweza kumvika sufuria kichwani.

Tangu hapo nilichemsha maji yangu kwa siri, nikimwambia nataka chai. Nilikunywa chai mpaka mtoto tumboni akakosa usingizi. Lakini kijiko singeweza kukichemsha kwa siri, na Carine naye, mtoto wake akiwa ameanza kupona, aliendelea kuchota kwetu, maana alimwamini mama kuliko chupa za kituo.

Jumamosi Arsène alikuja na karatasi iliyofungwa vizuri. Ndani kulikuwa na unga mwekundu wa kahawia. Kiwandani wanautumia kutafuta bomba linalovuja: unaumwaga upande mmoja, unatazama unatokea wapi. Ukigusa maji unakuwa kijani kinachong'aa. Mkubwa wake alimhakikishia kwamba haudhuru hata ukimezwa.

"Tunamwanga kule nyuma," akasema. "Kama haitoke mu kisima, nitaomba pardon. Kama inatoka, mama atajionea mwenyewe, hakuna mutu wa kumwambia."

"Nani atamwaga?"

Tuliangaliana. Mimi kwa tumbo lile sikuweza kuchuchumaa wala kubeba ndoo mbili za kusukuma unga uende chini. Arsène akafuta jasho. Mkwe kuingia choo cha mama mkwe! Kwetu mtu anaweza kusimuliwa kwa hilo hata baada ya kufa.

Tulichagua Jumapili, saa ya misa. Mama ni wa kwaya, hatoki kabla ya baraka ya mwisho. Mimi nikakaa kwenye kiti mlangoni, na tukakubaliana: mtu akija, naimba wimbo wa kanisani kwa nguvu. Arsène aliingia na ndoo zake, akafunga mlango wa bluu. Dakika mbili hazijapita, mama akatokea kwenye lango. Alikuwa amesahau miwani ya kusomea.

Nikaimba. Niliimba kama mtu anayezama.

Mama akasimama, uso ukamlainika. Halafu, Mungu wangu, akaanza kuitikia sauti ya pili! Tukaimba ubeti wa kwanza. Nikadhani atachukua miwani aondoke, akaketi kwenye ngazi na kuanza wa pili. Ubeti wa tatu siujui, nikaimba wa kwanza tena. Mwishowe akanishika shavu, akasema mtoto wangu atakuwa padri, kisha akaelekea kule nyuma.

"Mama, miwani!" nikaita.

"Kwanza niende pale."

Akafika, akasukuma mlango. Haukufunguka. Akakohoa kwa adabu, jinsi mtu anavyouliza kama kuna mtu. Na kutoka ndani, mume wangu, ambaye amelelewa vizuri na wazazi wake, akakohoa kujibu.

Mama aliganda. Kikohozi kile alikijua. Ndicho kilichokuwa kinatangulia mluzi kila jioni. Sijawahi kumwona akirudi nyuma haraka vile. Alipita mbele yangu bila neno, akaingia nyumbani, akafunga mlango, akafunga dirisha, na nikasikia akivuta pazia pia. Mlango wa bluu ukafunguka, Arsène akaruka ua na ndoo zote mbili.

Mchana baba mdogo Zéphirin, mdogo wa marehemu baba, aliitwa kuamua kesi. Arsène alikaa nje ya ua, ametupa mgongo, na maneno yakawa yanapita kwangu kama barua. Alikuwa anatafuta nini mule ndani? Nikajibu tumbo lilimshika ghafla. Zéphirin akaguna, akamtoza kuku jike mweupe, na yakaisha. Ila mama akasikia huruma. Kabla ya jua kuzama alimtumia mkwe wake bidoni, dumu zima la maji ya kisima, atulize tumbo.

Jumatatu hakuna kitu. Jumanne hakuna kitu, mvua tu, usiku na mchana. Nikaanza kufikiri labda mama yuko sahihi, na moyoni niliomba iwe hivyo. Jumatano asubuhi nikasikia ndoo ikianguka na Carine akipiga kelele.

Maji ya kisima yalikuwa ya kijani. Kijani cha kuumiza macho.

Nilidhani kazi imekwisha. Watu wataona, watauliza, mama ataelewa. Nilikuwa nimesahau tunakaa mji gani. Likasi ni mji wa shaba, na mtu akiona kijani hafikirii choo. Godefroid, mchimbaji wa madini anayekaa mkabala na sisi, alikuja mbio na mswaki mdomoni, akachungulia kisimani, akavua kofia.

"Malachite," akasema. "Bandugu, hii ni shaba."

Neno lile lilizunguka avenue kabla sijapata viatu vyangu. Ilipofika saa nne, lupango wetu ulijaa watu, sururu na makoleo. Godefroid alikuwa anapima ardhi kwa hatua na kuchora mistari kwa kijiti. Mshipa wa shaba, alisema, unapita chini ya jikoni. Mtu akasema maji ya shaba yanaimarisha mifupa. Mwingine akajaza chupa. Na mama? Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, ameketi kwenye kiti katikati ya uwanja.

"Numbi alijuaka," alikuwa anamwambia kila aliyepita. "Ile bwana alijuaka. Njo maana mayi yake ilikuwa utamu."

Nilisimama mbele yao nikasema ni rangi, imetoka kule nyuma. Wakacheka. Mwanamke mmoja akaniletea kiti, akasema uzito wa mimba unavuruga kichwa. Nikampigia Arsène simu, nikilia kwa hasira.

Alifika kwa pikipiki, bado na koti lake jeupe la kazini. Kama kawaida alisimama nyuma ya ua. Niliuona uso wake kati ya miti ya ua, umekuwa wa majivu.

"Waambie, Jaël."

"Niliwaambia. Banacheka."

"Mwite baba mudogo Zéphirin, aseme yee."

"Baba mudogo iko na sururu mu mukono, Arsène! Tazama!"

Kweli, Zéphirin alikuwa ameanza kuchimba karibu na banda la kuku. Na hapo ndipo sote wawili tulimwona Carine. Alikuwa amemleta mtoto wake, yule wa tifoide, shingo bado nyembamba, na amejaza kikombe cha maji ya kijani. Alikuwa anamwinamisha mtoto kichwa ili amnyweshe.

Arsène hakupita langoni. Alipita katikati ya ua, miti ikavunjika. Akavuka uwanja mzima, akapita mbele ya kiti cha mama kwa umbali wa mkono, akachukua kikombe kwa Carine na kukimwaga chini. Kisha akageuka. Akamtazama mama yangu usoni. Kuku peke yake ndiye aliyeendelea kuongea.

"Mama," akasema. "Hii haiko shaba. Ni rangi ya ku kazi. Minye njo nilimwanga, siku ya yenga, saa ya misa, mu choo yako. Mu choo, mama. Na leo iko mu kisima. Ile yote inaingiaka mu choo, inatokaka mu kisima, na batoto banaikunywa. Mutoto yangu naye mutamupa na kijiko. Minakatala."

Alilisema neno lile, choo, mara tatu, mbele ya watu wa avenue nzima. Zéphirin aliachia sururu.

Mama alisimama polepole. Alitazama mlango wa bati la bluu, akatazama kisima, na nikaona akihesabu hatua kwa macho. Tisa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga.

"Unajua ile choo tuliichimba juu ya nani, sababu ya nani?" akauliza, akimwangalia yeye sasa. "Ya zamani ilikuwa kule chini kabisa, mbali, inainama. Balisema ba famille yako banakuya kuomba Jaël. Minye nikasema, franchement, bakwe habawezi kutembea mu matope, bataona choo ya kuinama, batatucheka. Tulichimba siku ine. Pale juu, karibu, udongo ilikuwa laini. Ilikuwa juu yako, mukwe. Ilikuwa heshima yako."

Akakusanya kitenge chake, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Safari hii hakuna kishindo kilichosikika.

Mimi nilijua kwa nini walichimba choo kile, na nilisahau. Niliona haya. Arsène alibaki na kikombe kitupu mkononi, machozi yakimtoka mbele ya wachimbaji. Wajomba zake wawili ndio waliokizindua choo kile siku ya posa, na walikisifu sana.

Godefroid alitazama watu, sururu na makoleo yaliyojaa uwanjani.

"Bon," akasema. "Bantu biko, bintu biko. Ile choo mupya, tunaichimba wapi?"

Wakakichimba kule chini kabisa, siku ileile, kwa mvua. Shimo la choo cha mlango wa bluu wakalijaza chokaa na udongo, na Zéphirin akakifunika kisima kwa bati na mnyororo. Kesho yake wanawake wakapangana zamu za bidoni kwenye bomba la kituo cha afya, na matone ya dawa ya kusafisha maji yakagawiwa kwa chupa ndogo. Arsène alitembea lupango kwa lupango akihesabu hatua kati ya kisima na choo. Wale waliokuwa wanacheka waliacha alipokuta nyumba nyingine saba zenye kosa lilelile. Katika nyumba tatu kati ya hizo, choo kilikuwa cha wageni wa posa.

Mama alifanya kila kitu na wengine. Alibeba bidoni lake, alisimama foleni, hakuomba kupita mbele. Lakini hakumtaja Arsène, wala maji. Mluzi ukilia jioni, anaingia jikoni kimya. Siku tisa zilienda hivyo, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Siku ya kumi nilizaa msichana, mkubwa, mwenye hasira. Kesho yake Arsène aliruhusiwa kuja kumwona chumbani kwangu mama akiwa sokoni. Alikuwa amemshika mtoto, anamwonyesha mvua, ndipo tukasikia hatua za mama kwenye baraza. Akanipa mtoto na kurukia dirishani kama mwizi. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

Mama akaingia. Mkononi alikuwa na kikombe na kile kijiko cha shaba.

"Abakie," akaniambia. Halafu akageuka dirishani. "Bakia, mukwe."

Arsène akabaki palepale, ameketi kwenye dirisha kama anapanda farasi, macho chini.

"Hii ni mayi ya kituo," mama akamwambia. "Nilitia matone. Nikachemsha mara mbili. Weye njo unajua. Iko bien?"

Muuguzi alikuwa ametuambia wazi sisi wawili: maziwa tu, miezi sita, hata tone la maji hapana. Ningeweza kulisema mimi. Lakini mama hakuniuliza mimi.

Arsène akainua macho.

"Iko bien, mama. Lakini haiko ya mutoto. Mutoto ni maziwa tu, mupaka miezi sita."

"Hata kijiko moja?"

"Hata moja, mama."

Mama akakitazama kijiko muda mrefu. Alikuwa amekijaza hadi ukingoni, na mkono wake haukumwaga hata kidogo. Kisha akavuka chumba, akaenda mpaka dirishani.

"Fungula kinywa," akasema.

"Mama?"

"Fungula kinywa, mutoto yangu. Nilishaka kuchemsha."

Kila mtoto wa nyumba ile hupata kijiko kile siku ya pili. Arsène alikipata akiwa na miaka thelathini na moja, mguu mmoja nje ya dirisha, na mama akamfuta ndevu kwa ncha ya kitenge chake.